Sijajaribu

Chumba chetu cha Isevya kilikuwa stoo ya asali.
Mpaka leo, tukiwasha mashine zote kumi na moja,
joto huamsha harufu ya nta ukutani
na nyuki mmoja wawili huja kukagua.

Kazi yangu ni jedwali.
Kushoto naandika kifaa, kulia hali yake
chini ya mfumo huria, usio na mwenyewe
wala duka la kwenda kulalamika.
Spika: zinasema.
Kamera: inaona, ila kila mtu ni wa bluu.
Waifai: inashika ukikaa upande wa dirisha la Ngasa.
Kulala: inalala vizuri.
Kuamka: haiamki.
Hapo nilicheka peke yangu, kisha nikaongeza kwa adabu:
usifunge kifuniko kabla ya kuhifadhi kazi yako.

Kulwa ana haraka. "Andika inafanya, dada.
Jana si imefanya?"
Jana ni shahidi wa jana.
Hilo nilifundishwa, na ada akalipa mtu mwingine:
mwaka juzi, kabla ya mvua, mwalimu Lubinza wa Kaliua
alisoma mstari wangu, akauza baiskeli,
akanunua mpakato wa aina ileile,
akaja nao kwa treni usiku kucha
ameupakata kama mtoto mwenye homa.
Mstari ulisema kadi ya mtandao inakubali.
Ilikuwa inakubali.
Kisha likatoka toleo jipya la kiini;
mtu wa mbali, mwenye nia njema, akagusa kiendeshi,
na kadi ikabaki kipande cha bati la kijani.
Lubinza hakugomba. Aliuliza tu,
"Huu mstari uliandikwa lini?"

Haukuwa na tarehe.

Tuliandika taarifa ya hitilafu, tukajibiwa, tukaulizwa,
tukatuma kumbukumbu za mashine kurasa kwa kurasa.
Wiki ya saba yakaja marekebisho: herufi tisa.
Herufi tisa, na mwalimu anakwenda kazini kwa miguu.
Alituma ujumbe mfupi: "Imekubali. Weka tarehe."

Sasa kila mstari una siku, toleo, na jina la aliyejaribu.
Nimefuta "inafanya" thelathini na nne
nikaweka neno ambalo Kulwa analionea aibu:
sijajaribu.
Haiwezi ni mlango uliousukuma ukagoma.
Sijajaribu ni mlango, basi.
Wanaoyachanganya hayo mawili
wamezika vingi vingali na pumzi.

Juzi nilifika mstari wa mwisho:
kisoma alama za vidole.
Kidole changu, kimetambulika.
Cha Kulwa, kimetambulika.
Cha Ngasa, na mafuta yake ya chapati, kimetambulika.
Mama alikuwa amekuja toka Urambo kutazamwa macho;
nikamwomba dole gumba.
Akaweka. Jaribu tena.
Akalipangusa kwenye kanga. Jaribu tena.
Mara ya nane akauliza, "Kinatafuta nini?"
"Mistari, mama. Ile ya kwenye ngozi."
Akaugeuzia mkono dirishani.
Misimu thelathini ya kuchuma tumbaku,
kuifunga kwenye fito, kuipandisha kwenye bani,
na utomvu ule mweusi unaotoka kwa mchanga tu.
"Hiyo," akasema, "niliiacha huko."
Akaomba chai.

Chipu inajibu. Kiendeshi kipo.
Kumbukumbu za mashine hazina kosa hata moja.
Kwa hiyo inafanya.
Na mama yangu yuko nje ya mlango.

Nimeandika siku. Nimeandika toleo.
Kwenye aliyejaribu nimeandika Nyamizi binti Kapela,
jina zima, kwa herufi kubwa.
Safu ya hali iko wazi.
Kulwa ameuliza kama nimesahau.
Sijasahau.